Swali Moja Nyuma ya Tiketi

Wahenga waliposema mtaka yote hukosa yote, hawakumkataza mtu kutaka. Kutaka ni kuzuri, na asiyetaka kitu amekwisha. Walichokikanya ni ule mkono unaokimbilia cha pili kabla vidole havijafunga vizuri kwenye cha kwanza, kisha cha tatu, kisha cha nne, mpaka mwenye mkono anajikuta amezungukwa na vitu tele na hana hata kimoja. Watu wa namna hiyo si wavivu wala si wajinga. Mara nyingi ni wachangamfu, wapenda kazi, watu wa kupendeza kukaa nao. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye wenzake walimwita Kimbunga, na jina likamkaa mpaka mumewe naye akalichukua.

Kimbunga alikuwa amepata ruhusa ya masomo ili asome shahada ya uzamili. Aliisubiri miaka, maana hupewa mwalimu mmoja tu kila mwaka, na ilikuja na sharti lake: pendekezo la utafiti lipitishwe na jopo la chuo kabla muhula haujafungwa. Lisipopita, arudi darasani kushika chaki, na nafasi apewe mwingine aliyekuwa akiimezea mate. Jopo lenyewe lilikaa mara moja tu kwa muhula. Hapakuwa na kujaribu tena, ilikuwa ni kupita au kurudi.

Jambo alilotaka kulitafiti alikuwa nalo moyoni tangu utotoni. Alipokuwa mwanafunzi aliketi dawati la mwisho kabisa, na imla ilimtoa jasho. Mwalimu akisoma sentensi, kwake ilifika nusu. Akiandika ile nusu, inayofuata imeshapita. Akaitwa mzembe. Siku moja mwenzake wa dawati la mbele aliugua, Kimbunga akawekwa pale kwa muda, na imla akaipata yote. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Mgonjwa alipopona, Kimbunga alirudishwa nyuma, na uzembe ukamrudia.

Kwa hiyo alipoingia chuoni alijua anachokitaka: kwa nini watoto wa nyuma wanashindwa imla. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini Kimbunga alikuwa mtu wa kuona mbali, na kila alipotazama aliona jambo jingine la kulitafiti. Kuna mwanga wa dirishani. Kuna kelele za barabarani. Kuna mtoto aliyekuja shule bila kula, na yule ambaye viatu vinambana hata akili haitulii. Kuna wazazi wasiojua kusoma, sauti ya mwalimu, ukubwa wa herufi ubaoni. Kila jambo aliliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani sebuleni, na kila asubuhi ukuta ulikuwa umeota karatasi nyingine.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa kinyozi mwenye duka dogo chini ya nyumba yao, na maneno hayakuwahi kumpungukia. Aliuangalia ukuta akasema sasa hana haja ya kununua rangi. Lakini alicheka kidogo tu, kwa sababu furaha ya mkewe ilikuwa ya kuambukiza na hata pacha wao walikuwa wakizungumza juu ya hojaji mezani. Hojaji hiyo Kimbunga aliitungia maswali mengi hadi ikawa nene, kisha akashuka nayo dukani kuijaribu kwa wateja wa mumewe, watu ambao kwa wakati huo hawangeweza kukimbia. Mzee mmoja aliulizwa kama utotoni alikuwa akila asubuhi, na kama ndiyo, alikula nini, na nani alipika, na aliketi dawati gani. Akaomba radhi, akatoka na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa.

"Mke wangu," Baba Pacha akamwambia, "wateja wameanza kuniuliza kama siku hizi kunyoa kuna mtihani."

Msimamizi wa Kimbunga chuoni alikuwa mama wa makamo, miwani kifuani kwa kamba, na wanafunzi walimpa jina la Mkasi kwa jinsi alivyokata maneno yao. Alikuwa na desturi yake. Alikuja kazini kwa basi na hakuwahi kutupa tiketi. Alizihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, na mwanafunzi mpya akifika alipewa moja, aandike nyuma yake swali la utafiti wake. Si mada, si maelezo. Swali, na alama yake ya kuuliza moja.

Kimbunga aliirudisha tiketi yake siku iliyofuata. Alikuwa ameijaza kwa herufi ndogo kama sisimizi, na zilipojaa katikati akazungusha pembezoni, kiasi kwamba ilibidi Mkasi aigeuzegeuze kama mtu anayeshika usukani. Mkasi aliisoma yote. Kisha akavua miwani.

"Hapa kuna tasnifu sita, mwalimu. Zote nzuri. Nichagulie moja," akasema, akampa tiketi nyingine tupu. "Na shuleni usiende kwanza. Ukienda bila swali utarudi na mzigo, si jibu."

Kimbunga alitoka mle amenuna. Kuchagua moja kulimuuma kama kuambiwa achague kati ya pacha wake. Zaidi ya hayo, katika kundi lao alikuwepo bwana mmoja waliyemwita Kobe, ambaye muda wote huo alikuwa bado anahangaika na maneno ya swali lake na hajatoka hata nje ya maktaba. Kimbunga alimwonea huruma. Akajiambia kwamba Mkasi akiziona takwimu zenyewe, akaona utajiri uliomo, mwenyewe atanyamaza. Tiketi tupu akaitia kwenye pochi na kuisahau, na asubuhi iliyofuata alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani akiomba aingie darasa la nne.

Mwalimu mkuu alikubali mara moja. Mwalimu wa darasa alikuwa bwana mpole, mrefu, ambaye hawezi kusema neno bila kwanza kusafisha koo, na kwa Kimbunga muda huo wa kusafisha koo ulikuwa mrefu mno. Siku ya kwanza alisafisha, akasema, "Mwalimu, kuhusu haya madawati," na kabla hajaendelea Kimbunga alimshika mkono akamwahidi kwamba atakuja kwake, atakuja tu, ngoja kwanza abandike namba. Akabandika namba kwenye kila dawati. Alikuwa amesoma kwamba majina ya watoto yafichwe, kwa hiyo aliwaambia waandike namba ya dawati juu ya karatasi ya imla badala ya jina. Hojaji za wazazi nazo zilikwenda nyumbani na namba hizo hizo.

Siku zilizofuata alikuwa na raha isiyo na mfano. Alifika kila siku baada ya mapumziko ya asubuhi, maana ndio wakati wa imla, akipita kati ya madawati na simu inayopima sauti mkono huu na kipima mwanga mkono ule. Alipima urefu wa ubao. Alihesabu vigae vilivyopasuka. Siku ya pili mwalimu wa darasa alisafisha tena koo, na Kimbunga akamwambia kwa upole, "Sijakusahau, mwalimu wangu, sijakusahau." Baada ya hapo bwana yule aliacha kusafisha koo, akabaki kusoma imla yake.

Muhula ulipokaribia mwisho, Kimbunga aliona jambo lililomrusha kitini. Lilihusu dawati lililo karibu na dirisha. Wiki ya kwanza mwandiko wa mtoto wa dawati hilo ulikuwa umenyooka na makosa mawili tu. Wiki ya pili ulikuwa umelala chali, makosa tele. Wiki ya tatu ukasimama tena, lakini kwa namna nyingine, herufi nene nene. Alikagua madawati mengine akakuta hali ni hiyo hiyo. Aliangalia vipimo vya mwanga, navyo vilikuwa vimepanda na kushuka. Alishuka dukani mchana ule kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, akamtangazia Baba Pacha na wateja wote kwamba mwanga wa jua unabadilisha mwandiko wa mtoto, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kuligundua hilo. Wateja walipiga makofi. Yule mzee wa nusu kichwa alikuwepo, naye akapiga.

Ijumaa, siku chache kabla ya jopo, Mkasi aliwaita wanafunzi wake wafanye mazoezi ya kuwasilisha. Kobe alianza. Alikuwa na swali moja dogo, akalisema, akaeleza atakavyolijibu, akakaa, na Mkasi akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akasimama Kimbunga na majedwali yake ya rangi, akazungumza kwa moto wake wote, na alipofika kwenye dawati la dirishani sauti yake ilitetemeka kwa furaha.

Mkasi alisikiliza mpaka mwisho. Hakukata hata neno moja, na hilo peke yake lilipaswa kumshtua Kimbunga.

"Huyu mtoto wa dirishani," Mkasi akauliza, "uso wake ukoje?"

Kimbunga akapekua majedwali yake. Alijua mwanga uliomwangukia mtoto yule, alijua kelele zilizomfikia, alijua mama yake amesoma mpaka darasa gani. Uso hakuujua. Muda wote alikuwa akitazama simu. Kobe, kwa utu wake, alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Jumatatu Kimbunga alikwenda shuleni mapema kuliko alivyowahi kwenda, kabla kengele ya kwanza haijalia, na kutoka koridoni akasikia kishindo. Aliingia darasani akakuta watoto wote wamesimama, mikoba kifuani. Mstari wa mbele ulikuwa unakwenda nyuma kabisa, na mistari mingine yote inasogea mbele hatua moja, huku wenye marafiki wakigombea kuketi karibu. Namba zake zilikuwa zimebaki palepale, nadhifu, kila moja inapokea mtoto mgeni.

Mwalimu wa darasa alimwona amesimama mlangoni. Safari hii Kimbunga alingoja mpaka koo lote likasafishika.

"Kila Jumatatu tunasogea," bwana yule akasema. "Ni kawaida ya shule hii tangu zamani, ili asiwepo mtoto wa kuozea nyuma. Nilitaka kukwambia siku ya kwanza. Na ya pili pia nilitaka."

Kimbunga aliuliza kama kuna namna ya kujua nani aliketi wapi wiki zilizopita. Hapakuwa na namna. Mstari ulijulikana, lakini ndani ya mstari watoto waliketi wapendavyo, na asipokuja mmoja mwingine hujaza pengo lake. Maana yake ni kwamba alama za mtoto huyu alikuwa amezifunga na kifungua kinywa cha mtoto yule na elimu ya mama wa mtoto mwingine. Kuhusu jua na mwandiko hata hakutaka kukumbuka. Kazi yote ya muhula, ule mzigo alioambiwa, haikuwa na hata jibu moja ndani yake. Alhamisi ilikuwa siku ya jopo, na alijiona tayari yuko mbele ya darasa lake la zamani akifuta ubao huku mwingine anafunga mizigo kwenda chuo.

Aliketi kwenye dawati la mwisho ambalo mwenyewe hakuja siku hiyo, magoti yamegonga mbao ya dawati, akataka kulia ila aliona haya mbele ya watoto. Kando yake alikuwa ameketi msichana aliyetoka mstari wa mbele dakika chache tu zilizopita, naye alikuwa ananong'ona kwa jirani yake kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa kwamba wiki iliyopita imla aliipata yote, lakini wiki hii ndiyo basi tena, huku nyuma nani anasikia.

Kimbunga aligeuka akamtazama. Kwa mara ya kwanza aliuona uso wa mtoto wa darasa lile: mashavu, nyusi zilizokunjana, pengo la jino la mbele. Mtoto yule yule, akawaza. Masikio yale yale, mama yule yule, viatu vile vile. Kilichobadilika ni dawati. Halafu akakumbuka mwenzake aliyeugua zamani zile, na dawati la mbele aliloazimwa, na imla aliyoipata yote, na mwili ukamsisimka kuanzia visigino hadi utosini. Jibu la namna ya kutafiti alikuwa nalo tangu akiwa mtoto, akalifunika kwa karatasi za ukutani. Na desturi iliyomharibia kazi yote ndiyo hiyo hiyo ilikuwa inamfanyia, kila Jumatatu, jambo ambalo hakuna mtafiti angethubutu kuliomba: kumhamisha kila mtoto nyuma na mbele.

Alitoa pochi. Tiketi tupu ilikuwepo, imekunjika pembe. Akaandika: "Je, mtoto yule yule hukosa maneno mengi zaidi katika imla anapoketi nyuma kuliko anapoketi mbele?" Kalamu ikamwasha. Akaandika "na mwanga", akayatazama maneno hayo mawili, akayakata.

Alikwenda chuoni akitembea nusu na kukimbia nusu. Mkasi alivaa miwani, akasoma, akaigeuza tiketi kuona kama upande wa pili kuna kitu, akakuta ni nauli tu. Akatabasamu, na wanafunzi wake husema jambo hilo hutokea kwa nadra kama kupatwa kwa jua.

"Nafasi imebaki," akasema akimrudishia. "Usiijaze."

Siku zilizobaki Kimbunga alifanya kazi kwa furaha aliyokuwa hajawahi kuionja, furaha ya mtu anayejua anachofanya. Alipanga kila kitu kabla ya kugusa chochote. Alirudi kwa mwalimu wa darasa, akamwuliza, akanyamaza kumngoja, na bwana yule ambaye muhula mzima hakupata nafasi ya kumaliza sentensi aligeuka kisima. Alimweleza kwamba mvua ikinyesha paa la bati hupiga kelele na imla haina maana, kwa hiyo siku hizo ziachwe. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe hupaza sauti Jumatatu na huchoka Ijumaa, kwa hiyo imla isomwe siku ile ile kila wiki. Kimbunga akampa kila mtoto alama yake ya siri itakayomfuata popote aketipo. Aliamua ataanza lini na ataacha lini. Kila kilichokuwa kigumu alikitatua kwenye karatasi, mahali ambapo kosa halimgharimu mtu.

Alhamisi alisimama mbele ya jopo akiwa na kurasa chache tu. Maneno yalikuja yamepangana. Alipomaliza, mjumbe mmoja mwenye sauti ya ukarimu alimsifu, kisha akainama mbele.

"Lakini mwalimu, kwa nini usiongeze na suala la mtoto kula asubuhi? Ni jambo kubwa. Utafiti wako ungenenepa."

Hapo ulimi wa Kimbunga ulimwasha. Juu ya kula asubuhi alikuwa na mengi, alikuwa na kurasa nzima, alikuwa na majedwali ya rangi. Alimwona Mkasi pembeni akitazama dirishani kama asiyehusika. Mkono wa Kimbunga ulikwenda mfukoni ukaigusa tiketi.

"Ni swali zuri sana, mheshimiwa," akajibu. "Nalipenda. Lakini si langu. Nikilichukua hilo, hili litanidondoka, na hili nimelibeba tangu nikiwa na umri wa watoto hawa."

Wajumbe walitazamana. Walimwomba atoke nje kidogo, na alitembea koridoni huku na huku mpaka Kobe, aliyekuwa ameshapitishwa kabla yake, akamsihi aketi kwa sababu anamtia kizunguzungu. Mlango ulipofunguliwa, Mkasi alitoka, akamwambia kwamba pendekezo limepita, bila hata sharti la kurekebisha. Kimbunga alimkumbatia kabla hajakumbuka ni nani anayemkumbatia.

Jioni ile yeye na Baba Pacha walibandua karatasi za ukutani, pacha wakizipokea na kuzikunja. Mumewe alisita kwenye moja, akauliza na hiki cha viatu vinavyobana, kweli nacho anakiacha, mbona ni kizuri. Kimbunga akasema ni kizuri, na kwamba kuna mtu mahali fulani atakikuta na kukipenda. Moyo ulimuuma kidogo alipokibandua, hilo hatulifichi. Kisha akabandika tiketi yake katikati ya ukuta mtupu, akasimama mbali akaitazama, na ukuta haukuwahi kupendeza vile.

Jumatatu ya kwanza ya utafiti wenyewe, alikuwepo darasani kabla ya kengele. Mikoba ilihama, madawati yakakwaruza sakafu, na wiki ziliposogea yule msichana mwenye pengo naye alisogea, mstari kwa mstari, mpaka akarudi mbele. Siku hiyo alipokusanya karatasi za imla, Kimbunga hakutazama simu. Aliitafuta karatasi ya msichana yule, akakuta maneno yote yapo hadi la mwisho, akamtazama usoni, naye akamwonyesha lile pengo lote kwa kicheko. Hakupima kingine chochote siku hiyo, na alirudi nyumbani mikono imejaa, kwa maana sasa alijua kwa uchungu na kwa raha kwamba mtaka yote hukosa yote.